Gazeti likishikwa na adui, mchora katuni na ripota wa mpira nao ni wasaliti? Kisa cha Le Soir ya Brussels 1940-44

#1 Ngosha wa Brussels
Salaam wakuu.

Naishi Ubelgiji mwaka wa tisa sasa. Jumapili nilipita soko la vitu vya zamani pale Place du Jeu de Balle, nikaokota rundo la magazeti makuukuu kwa bei ya kutupa, ndani yake kuna Le Soir ya mwaka 1942. Le Soir ni gazeti kubwa hapa, lipo tangu 1887 na mpaka leo unalikuta kibandani. Hilo la 1942 kichwa chake ni kilekile, herufi zilezile. Nikaenda kumwonyesha mzee jirani yangu, ana miaka tisini na kidogo, nikijua atafurahi. Akalishika kwa ncha za vidole akaniambia hii siyo Le Soir, hii ni ile iliyoibwa.

Tukakaa saa mbili ananisimulia. Kwa kifupi Wajerumani waliingia tarehe 10 Mei 1940, wenye gazeti ambao ni familia ya Rossel wakasimamisha uchapaji tarehe 18, hawakutaka kuchapa chini ya mvamizi. Mjerumani akachukua jengo, akachukua mitambo, akachukua na jina, na Juni hiyohiyo gazeti likarudi mtaani kama vile hakuna kilichotokea. Likaenda hivyo mpaka Brussels inakombolewa 3 Septemba 1944. Watu wakaliita Le Soir volé, yaani Le Soir ya wizi. Lakini wakalinunua! Nakala kama laki tatu kwa siku.

Sasa kinachoniumiza. Ukurasa wa mbele ni vita kama Berlin inavyotaka isimuliwe. Geuza ndani: mgao wa viazi, mpira, vifo, vyumba vya kupanga, na kipande cha katuni ya Tintin. Hergé mwenyewe, mchoraji wa Tintin, alichora humo tangu Oktoba 1940. Swali langu, yule wa mpira, yule wa katuni, yule fundi wa mtambo, nao ni wasaliti? Mimi naona ndiyo, tena pengine kuliko yule wa ukurasa wa mbele, kwa sababu propaganda tupu hakuna mtu angeinunua, wao ndio walioifikisha mezani kwa watu. Nipingeni.

#2 Kidume wa Mbagala
Naweka kigoda hapa. Endeleeni.

#3 MpigaChapa Mstaafu
Ngosha nakupinga mchana kweupe. Nimefanya kazi kiwanda cha uchapaji miaka 31, nimeanza na herufi za risasi unazipanga moja moja kwa mkono mpaka tukahamia kompyuta. Fundi haulizwi nini kichapwe. Unaletewa kazi, unapanga, unapaka wino, unaondoka jioni na hela ya unga. Ukimwambia mtu mwenye watoto wanne katikati ya vita aache kazi kwa sababu aliyekaa ofisi ya juu kabadilika, wewe unakula nini siku hiyo? Usimweke fundi kapu moja na mhariri.

#4 Sharifa M.
Mzee wangu shikamoo. Fundi nakupa, tumtoe. Lakini mchora katuni simtoi. Hergé alikuwa na jina tayari, gazeti lake la zamani Le Vingtième Siècle lilifungwa Mei 1940, ni kweli alibaki hana kazi, ila angeweza kuuza vitabu tu. Alikwenda Le Soir kwa sababu huko kuna wasomaji laki tatu.

#5 Kidume wa Mbagala
Si ndiyo huyo baada ya vita walimpiga risasi?

#6 Mwalimu wa Historia
#5 hapana, usichanganye watu. Hergé alikamatwa mara nne Septemba 1944, na vyombo tofauti tofauti maana kila kundi lilikuwa na orodha yake, akalala rumande usiku mmoja tu. Jalada lake likafungwa Desemba 1945 bila kufikishwa mahakamani. Mwendesha mashtaka wa kijeshi aliona kumburuza mahakamani mchora katuni za watoto ni kuifanya mahakama ichekwe. Akafa 1983 akiwa tajiri na maarufu dunia nzima.

Waliopigwa risasi ni wengine. Mfano José Streel wa gazeti la Le Pays réel, hilo lilikuwa la Rex, chama cha kifashisti cha Léon Degrelle kilichoshirikiana na Mjerumani, huyo Streel aliuawa Februari 1946. Jumla Ubelgiji iliwanyonga... naomba nijirekebishe, iliwapiga risasi watu 242 baada ya vita, wengi wao siyo waandishi bali waliobeba silaha au kutesa au kuchongea watu.

#7 Wakili wa Mtaa
Na mhariri mkuu? Nasikia naye alikula shaba.

#8 Mwalimu wa Historia
Raymond De Becker? Hapana. Huyo ni kisa kirefu, nikitulia nitakiandika.

Ila kwanza nimjibu MpigaChapa #3. Hoja ya njaa naiheshimu ila haitoshi, kwa sababu Wabelgiji walikuwa wameshapita njia hiyohiyo miaka 25 nyuma. Vita ya kwanza Mjerumani aliikalia Brussels 1914 mpaka 1918 na Le Soir ilifunga miaka yote hiyo minne. Magazeti mengine nayo yalifunga. Februari 1915 likazaliwa gazeti la siri, La Libre Belgique, lenyewe liliandika kabisa kwenye kichwa chake kwamba ofisi yake iko kwenye ghala la chini linalotembea kwa gari, na anwani ya simu ya maandishi ikawekwa ya makao makuu ya Wajerumani wenyewe! Wakalitafuta miaka mitatu na nusu hawakufanikiwa kulizima. Kwa hiyo 1940 kila mwandishi wa Brussels alijua kuna njia ya kufunga duka, na kuna njia ya kuchapa kwa siri. Walikuwa na mfano wa baba zao.

#9 MpigaChapa Mstaafu
Mwalimu marahaba kwa somo. Lakini hapo umeongea kama mtu anayejua mwisho wa sinema. Mei 1940 hakuna aliyejua. Ufaransa nzima imeanguka ndani ya wiki sita, Ubelgiji imesalimu amri tarehe 28, mfalme mwenyewe Leopold kabaki nchini mikononi mwa Wajerumani, serikali imekimbia. Mtu wa kawaida anaona vita imeisha, huyu ndiye bosi mpya, tuishi. Wewe ungejuaje kwamba miaka minne baadaye vifaru vya Mwingereza vitaingia?

#10 Binti wa Ujiji
Hapo kwa MpigaChapa kuna ukweli mkubwa na ndiyo maelezo ninayoyaamini mimi. Siyo njaa wala siyo imani, ni kwamba waliona mambo yameisha. Kuna yule Henri de Man, kiongozi wa wasoshalisti wa Ubelgiji, mwaka huo 1940 aliwaambia wanachama wake wasipinge, enzi mpya imefika, akakivunja chama. Kama kiongozi wa wafanyakazi anasema hivyo, ripota wa mpira afanyeje.

#11 Kidume wa Mbagala
De Man si ndiye yule profesa wa Marekani aliyeumbuliwa? Aliandika kwenye hilohilo Le Soir.

#12 Sharifa M.
Hao ni wawili Kidume. Henri ni mjomba mtu, upande wa baba, wenyewe baba mdogo au mkubwa. Profesa ni Paul de Man. Huyu aliandika Le Soir ya wizi akiwa na miaka 21, makala kama 170 za vitabu na muziki. Baada ya vita akaenda Marekani, akawa profesa wa Yale, akafundisha kizazi kizima namna ya kusoma fasihi, akafa 1983 hajasema neno hadharani. 1987 kijana mmoja Mbelgiji aliyekuwa anafanya utafiti juu yake akaingia maktaba akazikuta zimekaa tu zinamsubiri.

Na nataka nizungumzie moja, maana hapa ndipo hoja ya "mimi niliandika utamaduni tu" inapokufa. Toleo la tarehe 4 Machi 1941, ukurasa mzima kuhusu Wayahudi. Paul de Man humo anasema fasihi ya Ulaya haijaharibiwa sana na Wayahudi, na kwamba wangepelekwa kwenye koloni mbali na Ulaya fasihi isingepoteza kitu cha maana. Kijana wa miaka 21, kwa lugha laini ya mhakiki wa vitabu. Agosti 1942 treni ya kwanza ikaondoka Mechelen, mji wa Ubelgiji walikokusanywa Wayahudi, kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kabla vita haijaisha watu kama 25,000 walikuwa wamepakiwa kwenye treni hizo, na waliorudi ni wachache mno.

Siwezi kusoma hiyo makala nikasema ni ukurasa wa utamaduni.

#13 Ngosha wa Brussels
Sharifa asante sana. Na Hergé naye siyo msafi kama watu wanavyodhani. Hadithi ya kimondo iliyoanza Oktoba 1941 humohumo Le Soir, adui wake ni bwana benki wa New York anaitwa Blumenstein, jina la Kiyahudi, na kuna kipande cha Wayahudi wawili wanafurahia mwisho wa dunia kwa sababu hawatalipa madeni. Kile kipande kiliondolewa kilipotoka kitabu, na jina la bwana benki likabadilishwa miaka ya baadaye. Kwa hiyo mtoto aliyesoma toleo la gazeti alisoma kitu ambacho sisi tuliosoma kitabu hatukukiona.

#14 Katanga_243
Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi. Nasoma hii mambo yenu kabisa, asanti Ngosha. Kwa baba yangu kulikuwa bitabu bya Tintin byote, tulisoma na bandugu yangu tangu batoto.

Lakini niseme kitu kimoja. Bazungu ba Ubelgiji balisema bamekaliwa, ni kweli, baliteseka. Sasa ile ile wakati, mwezi ya kumi na mbili 1941, hapa kwetu, zamani banaita Élisabethville, batumikaji ba Union Minière, kampuni ya migodi, balifanya greve (mgomo) juu ya mushahara. Tarehe 9 basoda bakabapiga masasi ku uwanja ya mpira. Batu makumi bakakufa. Serikali yenye kuamuru ni ile ya Ubelgiji huru, yenye kukimbilia London, siyo ya Mujermani. Sasa bale benye kuandika gazeti ya bakoloni huku kwetu, bao tubaite namna gani?

#15 Kidume wa Mbagala
Dah. Uzi umegeuka.

#16 Binti wa Ujiji
Katanga karibu sana ndugu yangu, Kiswahili chenu kitamu. Swali lako zito. Hata sisi huku Kigoma na Tabora Mbelgiji alitukalia, aliingia Tabora Septemba 1916 akamtoa Mjerumani, bibi zetu walitusimulia habari za "Bulamatari", ndivyo walivyoiita serikali ya Mbelgiji. Kwa hiyo mtu huyohuyo ni mkaliaji huku na mkaliwa kule, ndani ya kizazi kimoja.

#17 Wakili wa Mtaa
Naomba tusichanganye. Koloni ni koloni na kukaliwa vitani ni kukaliwa vitani, sheria zake tofauti. Gazeti la kikoloni halikuibwa kwa mwenyewe, lilianzishwa na mkoloni kwa kazi yake na kila mtu alijua. Le Soir uchungu wake ni kwamba lilivaa sura ya gazeti ambalo watu walikuwa wanaliamini miaka hamsini.

#18 Mjukuu wa KAR
Wakili, kwa msomaji tofauti hiyo ni ndogo sana. Babu yangu alikuwa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika, akapelekwa Burma 1944 na Divisheni ya 11. Huko walikuwa wanasomewa gazeti la askari kwa Kiswahili, Heshima, lilitolewa na jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki. Aliporudi alikuwa na vipande kwenye sanduku la bati. Nilipokuwa shule nilimuuliza, babu ulikuwa unaamini yaliyoandikwa humo? Akasema walikuwa wanasoma barua za askari wenzao na habari za nyumbani, mvua imenyesha wapi, nani kapandishwa cheo. Ya vita waliyaona wenyewe kwa macho. Waandishi wa Kiswahili wa gazeti lile babu aliwaheshimu mpaka anakufa, hakuwahi kuwaita vibaraka.

#19 Ngosha wa Brussels
#18 huyo babu yako kasema kitu ambacho jirani yangu kasema hivyohivyo, kwamba ukurasa wa mbele baba yake alikuwa anauruka. Alianza na mgao. Siku gani kuponi namba ngapi inatoa siagi, siku gani makaa. Bila gazeti unakosa siku yako, ukikosa siku yako watoto hawali. Halafu mateka, Wabelgiji wengi walikuwa kambini Ujerumani, watu wanatafuta habari ya ndugu zao.

#20 Sharifa M.
Sasa Ngosha hapo si unajipinga mwenyewe? Kama waliuruka ukurasa wa mbele, sumu iliingia wapi?

#21 Ngosha wa Brussels
Sijipingi. Mjerumani hakuhitaji uamini ukurasa wa mbele. Alihitaji uzoee. Kila jioni gazeti lako liko palepale, na jina lake, na katuni yake, maisha yanaendelea, hakuna haja ya kufanya vurugu. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Tintin bila kutaka. Ndiyo maana nasema mpira na katuni vilikuwa na kazi nzito kuliko hotuba.

#22 MpigaChapa Mstaafu
Au vilimsaidia mtu asirukwe na akili wakati wa vita. Mtoto kula viazi vilivyooza halafu umnyime na katuni?

#23 Mwalimu wa Historia
Sawa, sasa De Becker niliyemwahidi Wakili.

Yeye haingii kwenye maelezo yenu yoyote, siyo njaa, siyo woga, siyo mazoea. Huyu aliamini. Alikuwa Mkatoliki kijana msomi, alitaka Ulaya mpya, akadhani Mjerumani ataijenga na Ubelgiji itapewa kiti. Alishika Le Soir mwishoni mwa 1940. Kufika 1943 akagundua hakuna kiti, akakosana nao, wakamtoa na kumfungia huko milimani Bavaria mpaka vita inaisha. Alirudi Ubelgiji akakamatwa. Julai 1946 akahukumiwa kifo, 1947 rufaa ikapunguza kuwa maisha, Februari 1951 akaachiwa kwa sharti akaishi Ufaransa.

Kwa hiyo mhariri mkuu alihukumiwa kifo akatoka baada ya miaka michache, halafu Streel ambaye aliachana na Rex kabla vita haijaisha akapigwa risasi. Ukitafuta mizani hapo huipati. Aliyehukumiwa mapema alikula adhabu kali, aliyechelewa alikuta hasira imepoa.

#24 Wakili wa Mtaa
Mwalimu nakupa tano, ila umeacha kipande kitamu kuliko vyote na ni cha fani yangu. Ubelgiji ilitunga sheria ikiwa bado uhamishoni, Mei 1944, ikaingia kwenye kanuni ya adhabu kama kifungu 123 sexies. Ukipatikana na hatia unapoteza haki ya kuandika, kuhariri, kuchapa au kusambaza gazeti au chapisho lolote. Maisha yako yote. Siyo siasa tu, hata kitabu cha mapishi.

De Becker akiwa Paris akaipeleka Ubelgiji Strasbourg, kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, akisema mnaninyima uhuru wa maoni mpaka naingia kaburini. Kesi ikafika kwenye mahakama yenyewe, ilikuwa miongoni mwa kesi za mwanzo kabisa za mahakama ile. Ubelgiji kuona hivyo ikarekebisha sheria Juni 1961, na Machi 1962 mahakama ikaifuta kesi kwenye orodha yake kwa kuwa hoja imekwisha. Leo mwandishi anayenyanyaswa na serikali yake huko Ulaya akienda Strasbourg, anapita mlango ambao mhariri wa gazeti la wavamizi alikuwa wa mwanzo mwanzo kuubisha.

#25 Kidume wa Mbagala
Wakili hapo nimesimama nikakaa tena.

#26 Sharifa M.
Mimi sijasimama. Alitaka uhuru ambao gazeti lake liliwanyima wengine miaka mitatu.

#27 Wakili wa Mtaa
Sharifa haki haiulizi kama unaistahili. Ukianza kuuliza hivyo haibaki haki.

#28 Sharifa M.
Waulize walioko Mechelen.

#29 Mwalimu wa Historia
Jamani taratibu, wote mna uchungu wa kweli.

Tuwatazame na Wafaransa maana wao walijaribu kuweka mstari wa kalenda. Baada ya ukombozi, kwa amri ya 30 Septemba 1944, gazeti lililoendelea kuchapa zaidi ya siku 15 baada ya mapatano ya kusitisha vita ya Juni 1940 upande wa kaskazini, au zaidi ya siku 15 baada ya Mjerumani kuingia kusini tarehe 11 Novemba 1942, limekufa, jina linafutwa na mali inachukuliwa. Le Figaro lilikuwa Lyon, likafunga hapohapo Novemba 11, likapona, mpaka leo lipo. Le Temps nalo lilikuwa Lyon, gazeti la heshima kuliko yote Ufaransa, likafunga mwisho wa mwezi huohuo. Siku chache tu limepitiliza. Likafutwa. Jengo lake na mitambo yake ikapewa gazeti jipya Desemba 1944, ndilo Le Monde mnalolijua.

#30 MpigaChapa Mstaafu
Siku chache! Na wale mafundi wa Le Temps bila shaka waliendelea na mitambo ileile.

#31 Mwalimu wa Historia
Wengi wao ndiyo mzee, hata waandishi wengi walihamia Le Monde.

#32 Mjukuu wa KAR
Mimi ninachoshangaa ni kwa nini waandishi waliadhibiwa sana. Wafaransa walimpiga risasi Robert Brasillach wa gazeti la Je suis partout Februari 1945, waandishi wenzake kibao waliomba asamehewe, hata mwandishi Albert Camus alisaini, kiongozi wa nchi De Gaulle akakataa. Lakini makandarasi waliomjengea Mjerumani kuta za zege za pwani ya Atlantiki wengi walirudi kazini wakajenga nchi. Zege lile liliua watu.

#33 Wakili wa Mtaa
Ni ushahidi tu, mkuu. Kandarasi unahitaji vitabu vya hesabu, mashahidi, wataalamu. Mwandishi unafungua maktaba, jina lake liko chini ya makala, tarehe ipo. Anajiandikia hati ya mashtaka kila siku.

#34 Binti wa Ujiji
Na nchi ilihitaji zege, makala haikuhitaji. Hilo nalo tuliseme.

#35 Sharifa M.
Au kwa sababu maneno yanaua kweli. Je suis partout lilikuwa linaandika majina ya watu waliojificha na wapi walipo. Hilo siyo maoni, ni kumwelekeza askari nyumba. Brasillach alikuwa mhariri.

#36 Katanga_243
Narudia kidogo bandugu, sikupata jibu yangu lakini haina mambo. Niongeze kitu yenye inafurahisha. Wakati ile gazeti ya wizi inaandika bongo kule Brussels, Babelgiji huru baliweka redio yenye nguvu sana Léopoldville (leo Kinshasa), 1943, mawimbi mafupi, inatuma habari mpaka kule ku Ubelgiji. Sauti ya kubaambia batu ba Brussels ukweli ilitokea pia ku Kongo. Inchi yenye haina uhuru inasaidia kutangaza uhuru ya ingine.

#37 Kidume wa Mbagala
Bongo = uongo? Huku kwetu Bongo ni nchi nzima ndugu yangu, utatugombanisha 😂

#38 Katanga_243
😂😂 Ndiyo, bongo ni uongo. Pole sana ba Tanzania.

#39 Mwalimu wa Historia
Katanga hiyo ya redio ni kweli tupu. Na kabla ya hapo ni BBC London, Radio Belgique. Ile alama ya V mnayoijua ya Churchill ilianzishwa hapo Januari 1941 na Victor de Laveleye, Mbelgiji, aliwaambia watu wachore V ukutani kwa sababu ni herufi ya kwanza ya neno "ushindi" kwa Kifaransa na ya "uhuru" kwa Kiflemi. Kwa hiyo msomaji wa Le Soir alikuwa na masikio mawili, jioni gazeti, usiku redio kwa sauti ya chini na mapazia yamefungwa. Huenda ndiyo maana aliweza kuuruka ukurasa wa mbele.

#40 Binti wa Ujiji
Hakuna aliyetaja ile ya 9 Novemba 1943? Uzi wa Le Soir bila hiyo haujakamilika. Watu wa upinzani, Front de l'Indépendance, walichapa Le Soir ya kughushi. Sura ileile, bei ileile, kurasa mbili, ndani wanamdhihaki Mjerumani na waandishi wa gazeti lenyewe. Nakala 5,000 zikapelekwa vibandani kabla ya gazeti halisi la wizi. Watu wananunua, wanaingia kwenye tramu, wanafungua, kimya, halafu mmoja anaanza kucheka.

#41 Ngosha wa Brussels
Binti umenigusa. Rekebisho dogo tu, walichapa 50,000. Hizo 5,000 ndizo zilizoingia vibandani kwa bei ya kawaida, nyingine waliziuza kwa mkono kwa franga 10 moja, kutunisha mfuko wa upinzani. Siku mbili kabla ya kumbukumbu ya ushindi wa 1918, siku ambayo Mjerumani alikataza isisherehekewe.

#42 MpigaChapa Mstaafu
Na hapo sasa ndipo napotaka mnisikilize. Nani alipata kichwa cha gazeti kikafanana? Nani alijua gari la kusambaza linapita kibanda gani saa ngapi?

#43 Ngosha wa Brussels
Mfanyakazi wa ndani ya Le Soir mzee. Théo Mullier. Alikuwa humohumo kwenye jengo lililoibwa, akatoa alichotoa. Na aliyechapa ni Ferdinand Wellens, mwenye kiwanda cha uchapaji, alikubali kwa mitambo yake mwenyewe. Gestapo, polisi wa siri wa Mjerumani, wakawapata. Wote wawili walifia kwenye kambi za Wajerumani.

#44 MpigaChapa Mstaafu
Mullier angeacha kazi 1940 kama mnavyotaka, ile karatasi isingetoka. Nimemaliza.

#45 Sharifa M.
Mzee wangu nainama. Fundi nilishamtoa tangu #4. Lakini mmoja aliyekaa ndani akafanya kazi ya Mullier hawasafishi mamia waliokaa ndani wakafanya kazi tu.

#46 Kidume wa Mbagala
Swali la kijinga wakuu mnivumilie. Katuni ya Tintin ilikuwa inaendelea siku Brussels inakombolewa? Iliishia wapi?

#47 Mwalimu wa Historia
Siyo la kijinga hata kidogo. Ilikuwa hadithi ya mipira saba ya kioo, ilianza Desemba 1943. Kipande cha mwisho ni 2 Septemba 1944, kesho yake Waingereza wameingia mjini, gazeti limekufa, hadithi imekatika katikati. Waandishi wote wa Le Soir wakapigwa marufuku, Hergé akakaa miaka miwili hachapwi gazetini. Aliyemtoa ni Raymond Leblanc, mtu wa upinzani wa kweli, akaanzisha jarida la Tintin, toleo la kwanza 26 Septemba 1946, na hadithi ikaanza tena pale ilipokatika.

#48 Sharifa M.
Mtu wa upinzani ndiye alimsafisha. Kwa moyo au kwa biashara?

#49 Mwalimu wa Historia
Leblanc alikuwa msomaji wake tangu utotoni. Na alikuwa mfanyabiashara. Chagua.

#50 Ngosha wa Brussels
Wakuu samahani kwa kupotea siku tatu. Baada ya #46 nilirudi kwa jirani nikamuuliza, alikuwa na miaka kumi mwaka 1944. Anaikumbuka. Alikuwa anakata kipande cha kila siku kwa mkasi wa mama yake na kukiweka kwenye kopo la biskuti. Wiki ile ya ukombozi, jirani wa ghorofa ya chini waliandikiwa "msaliti" mlangoni kwa rangi nyeusi. Mama yake akalichukua lile kopo akamwaga vyote jikoni kwenye jiko la makaa, mtoto analia, maana nyuma ya kila kipande cha katuni kulikuwa na gazeti.

Nilimpa ile Le Soir ya 1942 akae nayo kama anataka. Alitafuta ukurasa wa katuni, akausoma mpaka mwisho, akanirudishia.